Jogoo wa Wachimba Kaburi

Jioni ya mwisho ya amani katika boma lile, Valary alisukuma sahani yake ya dagaa kando akakunja uso. "Mathe, hii omena yako inanipa trauma."

"Trauma ni dawa gani?" akauliza mama yake, Phelesia, bila kuacha kumega ugali.

"Si dawa. Ni kiwewe. Mwalimu wetu anasema ni kitu kinakutendekea, kinaisha, lakini ndani yako hakiishi. Na kuna watu wanajua kukutia hiyo kiwewe bila hata kukugusa."

"Na omena imekutia?"

"Si unaona? Macho zote zinaniangalia mimi tu."

Walicheka hadi Benta, mama mkwe wa Phelesia, akauliza kutoka nyumba yake ndogo kama kuna mtu ameolewa. Valary alikuwa binti wa pekee, mwanafunzi wa ustawi wa jamii katika chuo kimoja mjini Migori, na alikuwa amekuja Kosele kwa likizo. Alilipenda neno lile. Mvua ilimtia kiwewe, nywele za shangazi zilimtia kiwewe, nyimbo za kanisani zilizoimbwa kwa sauti zisizolingana zilimtia kiwewe. Hivyo ndivyo vijana wetu wanavyolitumia siku hizi, kama chumvi, katika kila chakula. Si kosa lao. Mtu hulichezea neno mpaka siku neno lenyewe litakapokuja kumtembelea.

Asubuhi yake Phelesia alitoka na beseni la omena kwenda kuianika nje ya ua, upande wa chini penye viazi vitamu. Mguu wake wa kulia ulikosa ardhi. Alijirusha nyuma, beseni likaruka, na samaki wakamwagika ndani ya shimo jipya jekundu ambalo jana halikuwapo.

Halikuwa shimo la choo wala la takataka. Kingo zilikuwa zimenyooshwa kwa jembe na kulainishwa kwa sepeto. Udongo ulikuwa umerundikwa upande mmoja. Urefu wake ulikuwa wa mtu aliyelala chali.

Mtu wa kwingine angeona kaburi tu, asiulize la nani. Lakini katika boma la Wajaluo kaburi husema jina la mwenyewe kabla hajaletwa. Mwenye boma hulazwa upande wa kulia wa nyumba yake, mke upande wa kushoto. Binti aliyekua na hajaolewa haingizwi ndani ya ua. Huyo hulazwa nje, kando, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Shimo lile lilikuwa nje ya ua, na boma lilikuwa na binti mmoja.

Phelesia alitaka kulifunika. Alitazama huku na huku kama mwizi, akavua leso yake, akaitandaza juu ya shimo. Leso ikatumbukia ndani. Alikuwa amepiga magoti akijaribu kuivuta kwa kijiti Valary alipotokea na mswaki mdomoni.

"Nani amekufa?" Valary akauliza, povu la dawa ya meno likimcheza midomoni.

 Benta alikuwa amefika akiegemea fimbo yake, na majirani wawili walikuwa wamesimama mbali na mikono vifuani. Valary alilitazama shimo, akautazama ua, akaitazama nyumba, kisha macho yake yakarudi polepole kwenye shimo. Phelesia aliiona hesabu ikifanyika usoni mwa mwanawe. Mswaki ulianguka. Povu lilimtiririka hadi kidevuni, na hakulipangusa.

"Yawa," mmoja wa majirani akanong'ona, akaondoka haraka asije akaonekana amesimama pale.

Kila mtu pale Kosele alijua lile shimo lilitoka wapi. Miezi iliyopita, fundi cherehani mmoja aitwaye Clifford alisimama sokoni na kipaza sauti akauliza kwa nini sehemu ya soko imezungushiwa mabati ya mkubwa fulani. Aliuliza mara moja tu. Elijah, mbabe wa soko, na vijana wake walimpiga kwa marungu mchana kweupe, kati ya nyanya na mitumba, mpaka akanyamaza kabisa. Soko lilikuwa limejaa. Polisi walipokuja kuuliza, macho ya watu wote wale yalikuwa yameugua siku moja. Mmoja alikuwa ameinama, mwingine alikuwa amekwenda haja, mwingine alikuwa anahesabu maembe. Phelesia peke yake, aliyekuwa nyuma ya gunia lake la omena, ndiye aliyesema, "Niliona. Ni Elijah." Kesi ilikuwa Mahakama Kuu ya Homa Bay. Elijah alikuwa nje kwa dhamana, akinywa soda sokoni. Phelesia alitakiwa kutoa ushahidi Alhamisi.

Na mtu asiseme haya yalianza na Phelesia. Watawala wa vichochoro wana ufundi wao, nao hurithishana. Mwaka wa kura fulani mzee Zablon, aliyekataa kuuza ploti yake, alisikia tangazo la kifo chake mwenyewe redioni, jina la baba yake, majina ya wajukuu, siku ya mazishi, akiwa ameshika kikombe cha chai. Hakufa. Lakini hakuwahi kukanyaga soko tena, na aliuza ploti. Kabla yake kulikuwa na mwalimu aliyekuwa akikuta kamba mpya mlangoni kila Jumatatu. Hakuna aliyeguswa. Hakuna aliyeshtakiwa. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema lolote juu ya yule aliyemfuga nyoka.

Phelesia alikwenda kituo cha polisi. Askari aliyekuwa mezani alimsikiliza huku akimenya karanga.

"Kuna mwili?"

"Hakuna, afande."

"Kuna mtu amepigwa?"

"Hakuna."

"Shamba ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Sasa mama, umetoka kwako kuja kuripoti shimo iko kwa shamba yako?" Mwenzake aliyekuwa nyuma akacheka.

"Hiyo si shimo. Hiyo ni kaburi ya mtoto wangu, na mtoto wangu ako hai. Wametutia kiwewe."

"Kiwewe." Askari aliacha karanga. "Walikutia na nini? Panga? Rungu? Lazima mtu atiwe na kitu."

"Na hiyo kaburi."

"Kiwewe ni ugonjwa, mama. Ugonjwa ni ya hospitali." Alipukuta maganda kwenye meza, halafu akashusha sauti, karibu kwa upole. "Na kama ni mimi, Alhamisi ningepumzika tu nyumbani. Homa Bay ni mbali kwa mtu wa umri wako."

Phelesia alikuwa hajamtajia Alhamisi. Wala Homa Bay. Alishuka ngazi za kituo akiushika ukuta.

Siku hiyohiyo alimpeleka Valary Migori kwa mdogo wake, Roseline, akadhani mto na milima na wilaya nzima katikati vitatosha kuwa ukuta. Havikutosha. Simu ya Roseline ilikuja kesho yake.

"Dada, mtoto halali. Anakaa kitandani na viatu. Amefunga kamba zote. Nikimwambia vua, ananiangalia tu."

"Ni uchovu."

"Si uchovu. Leo jirani alikuwa anachimba mtaro ya maji nyuma ya nyumba. Valary aliposikia ile jembe, tuu, tuu, tulimkosa. Nimemtafuta mpaka nikamtoa chini ya meza. Alikuwa ameuma kitambaa." Roseline alivuta pumzi. "Na kuna kitu wamemtumia kwa simu. Picha. Ni ile shimo. Chini wameandika, Bado iko wazi."

Kisha Valary mwenyewe akashika simu. Sauti yake ilikuwa bapa, imetolewa utani wote kama samaki aliyetolewa matumbo. "Mathe, usiende kortini."

"Mwanangu, sikiliza—"

"Clifford alishakufa. Mimi bado."

Phelesia aliishusha simu ilipokatika. Kunyamaza kungemrudishia mwanawe usingizi. Kunyamaza pia kungemfanya Elijah mfalme, na wafalme wa aina ile hawana shukrani. Mwaka ujao angechimba kwingine, kwa sababu shimo lilifaa hapa. Alizijua habari zote mbili kuwa ni za kweli. 

Alimkuta Benta ameketi kwenye kiti cha kamba kando ya shimo, mwavuli juu ya kichwa. Bibi kizee alikuwa akilinda. Kaburi lililo wazi haliachwi peke yake, na wala halifukiwi likiwa tupu, maana, wasemavyo watu wa huko, ulilolifukia tupu hujitafutia lenyewe mtu. Wazee wa ukoo walikuwa wamepita wakashauri lizikwe gogo la mgomba badala ya mtu, kimyakimya, na Nyar Suna "aache mambo ya serikali." Nyar Suna ni yeye Phelesia, binti wa Suna kule Migori, ndivyo mke anavyoitwa, kwa kwao alikotoka, asije akasahau kuwa ni mgeni.

"Wamekula wapi hawa?" Benta akauliza ghafla.

"Akina nani, mama?"

"Waliochimba. Mimi nimeona makaburi mengi katika hii boma. Nimeona la mume wangu na la mume wako. Kila mara wachimbaji walichinjiwa jogoo. Mchimbaji hatoki bomani na njaa. Akitoka hivyo, amebeba kaburi mgongoni, anaenda kulitua kwake." Bibi alitema mate pembeni. "Hawa walichimba na wakaondoka. Hawakula. Mimi kama ni wao, singelala."

Phelesia alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile, kitu kingine zaidi ya woga kilijongea ndani yake. Hakikuwa kitu kizuri, lakini kilikuwa na joto.

Siku ya soko alipanda juu ya gunia lake la omena. 

"Watu wa Kosele! Kuna vijana walinichimbia kaburi nzuri sana. Nimelipima, limenyooka. Lakini waliondoka bila kula. Mimi si mtu wa kunyima mchimbaji jogoo wake. Jogoo nimechinja. Waje wale. Wasije wakabeba kaburi langu wakalipeleka kwa bibi zao na watoto wao. Nimemaliza."

 Mwanamke mmoja aliyekuwa akipima mahindi alisahau gorogoro mkononi. Kisha Elijah, aliyeegemea pikipiki yake, akapiga makofi polepole.

"Nyar Suna! Kwani siku hizi umefungua hoteli ya maiti?"

Watu walicheka, kile kicheko cha kulipa ushuru. Lakini Phelesia hakuwa akimtazama Elijah. Alikuwa akiwatazama vijana waliomzunguka, wale ambao kwa kawaida hucheka kabla bwana wao hajamaliza sentensi. Wawili walikuwa wakitazama vidole vyao vya miguu.

"Cheka tu, Elijah," alisema akishuka. "Wewe huna haja ya jogoo. Wewe si wa jembe. Wewe ni wa rungu."

Hapo hakuna aliyecheka. Elijah aliiwasha pikipiki yake akamzunguka mara moja, polepole kabisa, gurudumu likikaribia vidole vyake, akaenda zake. Phelesia alifika nyumbani akalitia sufuria la jogoo mekoni.

Aliyekuja kula alikuja saa kumi jioni, mvua ikinyesha. Alikuwa Job.

Kila mtu alimjua Job. Alikuwa mchimba makaburi wa eneo zima, mtu mkimya mwenye koti refu la kijeshi lililochanika mfukoni. Ndiye aliyemchimbia marehemu mume wa Phelesia, akalia pamoja na ndugu. Sasa alisimama mlangoni maji yakimtoka kichwani, asithubutu kuvuka kizingiti.

"Mama, nimesikia kuna chakula."

 Phelesia angeweza kulizoea kaburi lililochimbwa na wageni. "Ni wewe? Job? Wewe ndiye ulipima mtoto wangu?"

"Walikuja kwangu na mapanga. Waliniambia nichague, nichimbe kwako ama nichimbe kwangu." Alifuta uso kwa kiganja. "Bibi yangu Lynnet ameanza kuumwa na tumbo, na siku zake za kuzaa bado. Mama, nipe tu hata mguu. Hata shingo."

Sufuria lilikuwa mekoni, harufu ya jogoo imejaa nyumba. Phelesia alilichukua akaliweka nyuma yake, mbali naye. Benta aliyekuwa pembeni aliinua kichwa.

"Nani alikutuma?"

"Mama, unamjua."

"Litaje jina."

"Elijah. Alisimama pale akinimulika tochi. Yeye ndiye alionyesha mahali. Alisema, nje ya ua, ndio mama ajue ni ya nani."

"Utakuja kusema hivyo Homa Bay Alhamisi."

"Wataniua."

"Basi nenda na njaa." Phelesia aliusikia mdomo wake ukisema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa tulivu. Ilikuwa na utulivu wa yule askari wa karanga. "Nenda, Job. Libebe kaburi mgongoni, ulipeleke kwa Lynnet. Tumbo lake si tayari lina umbo la kaburi?"

Job alianguka. Hakupiga magoti, alianguka, kama gunia lililokatwa kamba. Alijikunja pale kizingitini mikono juu ya kichwa, akafungua mdomo, na hakuna sauti iliyotoka. Macho yake yalimtazama Phelesia lakini hayakuwa yakimwona. Na Phelesia aliyatambua. Alikuwa ameyaona asubuhi ile kando ya ua, juu ya povu la dawa ya meno.

Aliitazama mikono yake mwenyewe. Hakuwa amemgusa.

"Nyar Suna," Benta akasema taratibu. "Mpe mtu chakula."

"Mama, ndiye aliye—"

"Najua ndiye. Mpe chakula. Ama ukamilishe kazi yao, uchukue na jembe lake."

Phelesia aliliinua sufuria. Alimpakulia jogoo mzima pamoja na mchuzi na ugali, akaketi sakafuni mbele yake, akammegea tonge la kwanza kwa mkono wake, kama mtu anavyomlisha mgonjwa. Hakumuuliza neno lingine. Job alikula huku akilia, akatafuna hadi mifupa, akaomba maji, akanyanyuka, akatoka mvuani bila kuahidi chochote.

"Ameenda," akasema Phelesia. "Ameenda na ushahidi wangu tumboni."

"Ameenda ameshiba," akajibu Benta.

Alhamisi, kabla jua halijapanda, kulikuwa na mtu amesimama kando ya shimo. Phelesia nusura apige yowe. Alikuwa Job, na koti lake, na jembe begani.

"Nendeni," akasema bila kuwatazama. "Kaburi wazi haliachwi peke yake. Mimi nitakaa hapa."

Benta alikuwa amevaa vazi lake la kanisa. Alikataa katakata kubaki. Wanawake wale wawili walikwenda Homa Bay wakiwa wameshikana mikono kama wasichana.

Phelesia alisimama kizimbani akaeleza alichokiona sokoni, rungu kwa rungu. Elijah alikuwa mbele yake akichezea kifungo cha shati. Nyuma kabisa ya ukumbi, kando ya Roseline, aliketi Valary. Phelesia hakujua kama atakuja. Binti alikuwa amefunga viatu mpaka kwenye vifundo, na alikuwa ameushika mlango kwa macho yake.

Jaji aliuliza kama shahidi amewahi kutishwa. Phelesia akaeleza habari ya shimo na ya ile picha. Wakili wa Elijah aliinuka akitabasamu.

"Mama, kuna mtu alikugusa?"

"Hapana."

"Kuna aliyekutamkia neno la tishio?"

"Hapana."

"Mali yako imeharibiwa?"

"Omena kidogo ilimwagika."

Watu walicheka. Wakili alisubiri wamalize. "Basi unachoogopa ni mawazo yako mwenyewe."

 Wakili alikuwa karibu kuketi Phelesia alipoanza kusema, na hakuwa akisema na wakili tena.

"Mtoto wangu alikuwa anacheka. Kila kitu kwake kilikuwa mchezo. Sasa analala na viatu. Akisikia jembe, anajificha chini ya meza, na yeye ni mtu mzima. Wakili, mtu akinipiga kofi, kofi inaisha. Hii haijaisha. Aliyeifanya ameenda kwake, amelala, na kazi yake inaendelea kwangu, mchana na usiku, bila yeye kuinua hata kidole. Hiyo ndiyo wametutia. Inaitwa kiwewe. Mtoto wangu ndiye alinifundisha hilo jina, tukiwa tunacheka." Alimgeukia jaji. "Na mimi nimejua si wao tu wanaweza kuitia. Hata mimi naweza. Nimejaribu, nikaona inavyofanya kazi. Ndiyo maana najua walijua wanachofanya."

Jaji aliacha kuandika akamtazama. Kisha akaandika tena, kwa muda mrefu. Alasiri aliagiza dhamana ya Elijah ifutwe na shimo lichunguzwe, akaahirisha kesi. Elijah aliteremshwa ngazi akiwa na pingu. Vijana wake hawakuwa na pingu. Walisimama nje ya lango wakiwatazama wanawake wanne wakipita, na mmoja wao akainua simu yake akawapiga picha.

Walifika Kosele jua likitua, Valary akiwa katikati yao. Phelesia alikuwa amemwambia njiani kwamba kuna mtu anawalindia. Alitangulia kuzunguka ua ili amwite Job.

Job hakuwapo.

Shimo pia halikuwapo. Mahali pake palikuwa na tuta la udongo, limepangwa vizuri, limepigwapigwa kwa mgongo wa jembe, kama kaburi la mtu aliyezikwa mchana. Juu ya tuta kulikuwa na jembe la Job.

"Job!" Phelesia akaita. Mihogo ya jirani ilitikisika kwa upepo. Simu ya Job haikupatikana. Roseline alikimbia hadi nyumbani kwa Lynnet akarudi akihema. "Kumefungwa. Hakuna mtu. Kuku wako nje."

"Wamemweka humo," akasema Valary. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizokuwa amesema siku hiyo. "Ilikuwa wazi. Ilitaka mtu. Wamemweka humo."

Hakuna aliyebishana naye. Fikirieni hilo. Wanawake wanne wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyefikiria jambo lingine. Phelesia alishika jembe. Valary aliposikia pigo la kwanza alijikunja, akaziba masikio, halafu akalia kwa sauti ya mnyama akajitupa kwenye tuta akaanza kuchimba kwa kucha. Roseline alichimba kwa bamba la beseni. Benta aliketi chini akiliita jina la Job, kama waitwavyo waliozama ziwani.

Kucha za Valary zilinasa kitambaa. Lilikuwa koti la kijeshi, limechanika mfukoni.

"Wuololo!" Benta akapiga yowe, na mbali huko boma jingine likaitikia.

Phelesia aliruka shimoni. Alilivuta koti akiliita jina, akaifungua kamba iliyolifunga, akafunua mahali pa kichwa.

Palikuwa na gogo la mgomba. Mbichi, limekatwa sawasawa, limelazwa ubavu kwa adabu, likatandikiwa majani.

Walikuwa bado wamelizunguka, matope hadi viwikoni, simu ya Phelesia ilipoita. Namba hakuijua. Kulikuwa na sauti za watu na injini.

"Mama Valary? Ni Job. Niko Mbita na Lynnet, tunangoja mashua ya kutupeleka kisiwa cha Remba kwa shemeji yangu. Simu yangu nimeitupa. Wale vijana walipita kwa pikipiki mchana, wakanipima kwa macho, nikaona nisikae. Lakini sikuacha kaburi yako wazi. Nimezika mgomba, nimeomba, nimefanya kila kitu vile inatakiwa. Hata koti langu nimeacha." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua kama anaruhusiwa. "Nilitaka mtoto akirudi akute imefungwa. Asiogope tena. Na siku ya kesi ikitajwa, niambie. Nimekula kwako. Nitakuja."

Phelesia alilitazama tuta walilolitawanya. Alimtazama Valary, kucha zake zikivuja damu.

"Asante, Job," akasema. "Tumekuta imefungwa. Mtoto amefurahi."

Walilirudisha gogo ndani ya koti. Walilifukia upya kwa mikono, kwa sababu Valary hakutaka jembe lishikwe tena. Hakuna aliyemgusa mtu siku hiyo. Elijah alikuwa rumande, nyuma ya milango mitatu ya chuma.

Asubuhi Valary alitoka na mswaki mdomoni. Alisimama mlangoni kwa muda. Kisha akauzunguka ua kwa upande wa juu, mbali, kupitia kwenye miiba, ili afike kwenye mtungi wa maji uliokuwa hatua chache tu upande wa chini. Phelesia alikuwa akianika omena. Alitaka sana kumtania, amwambie samaki wanamtazama. Alifungua mdomo, halafu akaona viatu vya mwanawe, kamba zimefungwa mara mbili, akaendelea kuanika.

Simu ilikuwa kifuani mwa Phelesia, ndani ya gauni. Ilipotetemeka, wote wawili waliganda, kila mmoja na chombo chake mkononi, na wala hapakuwa na aliyeuliza ni nani.